Morzine au kituo cha juu? Faida na hasara za kijiji cha zamani cha skii Ufaransa, kwa familia inayoanza

Kibo_Savoie (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Tangu niweke zile picha za wanangu kwenye theluji nimepata ujumbe mwingi pembeni, na karibu wote unauliza kitu kimoja: twende wapi? Najibu hapa hadharani ili kila mwenye familia huku Ulaya afaidike, na walionizidi uzoefu wanisahihishe.

Mimi ni mtu wa Machame, naishi Ufaransa karibu kabisa na mpaka wa Geneva. Skii, yaani kuteleza kwenye theluji, nimeanza ukubwani, huu ulikuwa msimu wangu wa nne. Nina mke na watoto wawili, wa miaka 10 na 6, na safari hii mama yangu alikuwa amekuja kutoka nyumbani. Msimu wa nyuma tulikaa wiki nzima kwenye kituo cha juu, vile vilivyojengwa kwa ajili ya skii tu. Msimu huu tumekaa Morzine, kijiji cha zamani. Ndiyo maana naweza kulinganisha.

Tuelewane kwanza hivi vitu viwili, maana ukivichanganya unaweza kulipia usichokitaka. Kuna vijiji vilivyokuwepo karne nyingi kabla mtu hajawaza kuteleza: Morzine, Megève, La Clusaz, Chamonix. Watu walifuga, wakatengeneza jibini, Morzine wakachimba na mawe bapa ya kuezekea nyumba. Skii ikawakuta pale pale. Halafu kuna vile vilivyoota miaka ya 1960, wakati serikali ya Ufaransa inasukuma mpango wake mkubwa wa kujenga vituo vya skii, ulioitwa Mpango wa Theluji. Wajenzi wakapanda hadi kwenye malisho matupu huko juu wakasimamisha maghorofa, ili mtu afungue mlango na kukanyaga theluji. La Plagne ilifunguliwa 1961, Les Menuires 1964, Les Arcs 1968. Val Thorens iko mita 2,300.

Morzine ni mfano mzuri kwa sababu vyote viwili viko kwenye mlima mmoja. Kijiji kiko mita 1,000 hivi. Juu yake, mita 1,800, kuna Avoriaz iliyofunguliwa 1966, mji usioingiza magari. Aliyeipigania ni kijana wa Morzine mwenyewe, Jean Vuarnet, bingwa wa Olimpiki ya 1960 kule Squaw Valley, mtu wa kwanza kuchukua dhahabu akiwa na skii za chuma badala ya mbao. Kwa hiyo hata wenyeji walijua tangu zamani kwamba kijiji chao kina upungufu. Nianze na huo upungufu.

Ni mwinuko. Kila ukipanda mita 100 joto linapungua nusu nyuzi na kidogo, kwa hiyo kati ya Morzine na Avoriaz kuna tofauti ya karibu nyuzi 5. Hizo nyuzi 5 ndizo zinazoamua kama leo ni theluji au mvua. Siku yetu ya tatu niliamka saa kumi na mbili asubuhi nikasikia mchirizi unamwaga maji. Nikafungua dirisha: mvua. Mvua kabisa, nzito, kama ya nyumbani mwezi wa nne. Njia za chini ambazo jana yake mtoto alijifunzia zilikuwa zimegeuka uji, na pembeni majani ya kahawia yanachungulia. Tukachukua basi hadi Prodains, tukapanda kebokaa kubwa, kile chumba kinachoning'inia kwenye waya, ya kwenda Avoriaz. Safari yenyewe ni dakika tano hivi. Katikati ya ukungu matone kwenye kioo yakaacha kutiririka, yakaanza kugonga kama punje za chumvi, na tulipotoka juu theluji ilikuwa kavu, inalia chini ya viatu. Mlima mmoja, saa moja ile ile.

Shida ni kwamba kila mtu kijijini alikuwa amepata wazo hilo hilo. Foleni ya kebokaa siku hiyo ilitula saa nzima na dakika zake.

Hasara ya pili ni miguu. Kituo cha juu unavaa viatu vya skii ndani, unatoka unateleza. Kijiji cha zamani hakikupangwa kwa ajili yako. Nyumba zimefuata mto, kanisa na mashamba. Morzine imekatwa na bonde la mto Dranse, kuna daraja refu la watembea kwa miguu linalounganisha katikati ya kijiji na upande wa Super Morzine, penye kebokaa. Nyumba tuliyokodi, tangazo lilisema "mita 400 kutoka kebokaa". Kwenye ramani ni kweli. Kwa miguu ni kushuka, kupanda, kupita daraja, ukiwa umebeba skii zako begani, za mtoto mkononi, na mtoto mwenyewe analia viatu vinambana. Siku ya pili nikajifunza kutumia mabasi ya kijiji, ambayo ni ya bure na yanapita mara kwa mara. Kwa hiyo ushauri wangu: msiulize nyumba iko mita ngapi kutoka kebokaa. Ulizeni iko mita ngapi kutoka kituo cha basi.

Sasa faida, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndizo zimenifanya niandike uzi huu.

Kule kituo cha juu, asiyeteleza hana pa kwenda. Kuna maduka ya skii, mikahawa, na maghorofa. Mke wangu alipoumia goti siku ya pili, siku nne zilizobaki alizimaliza dirishani. Morzine ni kijiji cha watu. Wakazi hawafiki 3,000, lakini kuna shule, kanisa, soko, duka la mikate, wazee wanaosalimiana barabarani. Mama yangu ana miaka 71, hawezi skii na hataki. Nilihofia atachoka. Siku ya kwanza alitoka peke yake na fimbo, akarudi saa sita na mkate.

Siku ya nne tulikwenda shamba moja pembezoni mwa kijiji linalouza maziwa na jibini. Ng'ombe wakati wa baridi wako ndani, wanalishwa majani makavu yaliyokatwa kiangazi. Mama alisimama mlangoni muda mrefu. Wakuu, sisi Machame ng'ombe wetu tunawafuga ndani, majani tunakata tunabeba kichwani. Akainama, akachukua konzi ya yale majani, akayanusa, akayavunja vunja kwenye kiganja. Akaniambia, "Muulize, haya walikata kabla hayajatoa maua?" Nikamtafsiria mwenye shamba. Yule mzee aliacha koleo lake, akamshika mama mkono akampeleka hadi kwenye rundo la nyuma, akamwonyesha yaliyokatwa mapema na yaliyokatwa kwa kuchelewa, akamchagulia mwenyewe anuse tofauti. Walikaa huko dakika arobaini, mimi nikitafsiri. Mama bado anamtaja kila nikimpigia simu.

Hicho huwezi kukipata kwenye mji uliojengwa kwa ajili ya watalii.

Faida nyingine kwa wanaoanza: Morzine imezungukwa na misitu, na siku ya theluji nzito miti inakusaidia kuona. Juu ya mstari wa miti, ukungu ukishuka, mbingu na ardhi vinakuwa kitu kimoja cheupe, hujui mteremko unaanzia wapi. Mwanangu mkubwa kule juu alipatwa na hofu hiyo hadi akakaa chini na kukataa kuendelea. Pia miteremko ya Morzine ni malisho ya nyasi, haina mawe mengi, kwa hiyo theluji kidogo tu inatosha kutelezea. Huko juu penye miamba inahitajika tabaka nene zaidi.

Gharama nitazijibu mkiuliza. Karibuni.

Mwanakombo_MSA

Shukrani sana kaka Kibo, na mpe mama salamu zangu, hiyo ya majani imenigusa. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Leicester na mume wangu na watoto watatu. Hapa Uingereza kila mtu anaitaja Morzine, wafanyakazi wenzangu wawili huenda kila mwaka. Nina maswali matatu. Chakula kwa sisi Waislamu kikoje? Pasi ya kupandia mlimani ni bei gani? Na mtoto wa miaka 5 anaweza kuanza?

Kibo_Savoie

Dada Mwanakombo, karibu.

Chakula: vyakula vya Savoie, eneo letu hili la milimani, karibu vyote ni jibini na viazi, lakini kuweni makini. Tartiflette ni viazi, vitunguu na jibini ya Reblochon, na ndani kuna vipande vya nguruwe vilivyokatwa vidogo sana, huvioni mpaka uviume. Fondue ni jibini iliyoyeyushwa kwenye mvinyo mweupe. Raclette ndiyo iliyo rahisi kwenu: jibini inayeyushwa mbele yako na kumwagiwa juu ya viazi, nyama inakuja kwenye sahani yake pembeni, mnaweza kusema msiletewe. Kuna jambo moja rafiki yangu wa Tanga alinifundisha: Reblochon hugandishwa kwa kitu kinachotoka tumboni mwa ndama. Hilo muulizeni shekhe wenu. Sisi tulikodi nyumba yenye jiko, nadhani ndiyo njia bora kwenu pia. Nyama ya halali nunueni njiani huku bondeni kabla ya kupanda, kijijini msitegemee kuipata.

Pasi: eneo zima linaitwa Portes du Soleil, vituo 12 vya Ufaransa na Uswisi, njia karibu kilomita 600. Pasi ya eneo zima ni zaidi ya euro 65 kwa mtu mzima kwa siku. Msinunue hiyo! Anayeanza hatoki kwenye njia tatu. Kuna pasi ya Morzine na kijiji jirani cha Les Gets peke yake, ya bei nafuu, na kuna ya wanaoanza, ndogo zaidi. Mimi mwaka wangu wa kwanza nililipia kilomita 600 nikateleza kwenye mita 200, na hiyo fedha ingelipa mwalimu.

Mtoto wa miaka 5 anaweza kabisa. Walimu wa Shule ya Skii ya Ufaransa, wale wenye nguo nyekundu, wana ngazi za watoto: anaanza Piou-Piou, kisha Ourson, kisha Flocon, kisha nyota ya kwanza. Anafundishwa kuweka skii kama kipande cha pizza ili asimame. Wangu mdogo alipata Flocon wiki ile, ameilaza ile beji chini ya mto.

Nyeri_Juu

Kaka Kibo, uzi ni mzuri na umeeleza kwa haki, lakini naomba kutofautiana nawe.

Mimi ni Mkenya, niko Grenoble mwaka wa kumi na moja. Binti yangu ana miaka 12 na anashindana. Anajua habari zote za Sabrina Simader, mwanaskii aliyetuwakilisha kwenye Olimpiki ya baridi ya PyeongChang 2018, picha yake iko ukutani chumbani kwake. Kwa mtoto kama huyu, kijiji cha mita 1,000 ni kumwekea rehani msimu mzima. Krismasi ya 2022 hadi mwanzo wa Januari 2023 mlikuwepo nyote, mliona: joto la ajabu, na vituo vingi vya chini vikafunga njia zao katikati ya likizo. Watu walikuwa wamelipa tangu Septemba. Rafiki yangu alifika na familia kwenye kijiji kizuri sana, kanisa zuri, farasi wanavuta mikokoteni, na mlima ni wa kijani mpaka nusu. Mwenye nyumba hakurudisha hata senti.

Na si suala la mwaka mmoja. Mwaka 2023 watafiti walipima vituo 2,234 vya Ulaya. Wakakuta kwamba dunia ikiongezeka nyuzi 2, asilimia 53 ya vituo vitakuwa kwenye hatari kubwa sana ya kukosa theluji, kama havitatengeneza ya bandia. Ikiongezeka nyuzi 4 ni asilimia 98. Kituo cha Métabief kule milima ya Jura wameshaamua wenyewe kujiandaa kuachana na skii ya miteremko. Mahakama ya Hesabu ya Ufaransa, inayokagua fedha za umma, nayo ilitoa ripoti Februari 2024 ikasema wazi kwamba mtindo wa kutegemea skii umechoka.

Mizinga ya theluji, yaani mashine za kutengeneza theluji ya bandia, nayo isikudanganye. Inahitaji baridi, karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, na hewa kavu. Siku ya mvua uliyoieleza hata ungekuwa nayo mia haisaidii kitu.

Kwa hiyo mimi naona mtu anayelipa mara moja kwa mwaka, tena kwa fedha ya kujinyima, aende juu. Maghorofa ni mabaya, nakubali. Lakini theluji ipo.

Mtu_wa_Pwani

Nafuatilia. Mzee wa majani makavu na mama wameifanya jioni yangu.

Bukavu_Lyon

Jambo ndugu zangu wote. Mimi ni Mukongomani wa Bukavu. Natumika jikoni kwenye hoteli ya kijiji kimoja cha Haute-Savoie, msimu wa tatu sasa, na kabla ya hapo misimu miwili nilikuwa kituo cha juu. Nitasema vile ninaona kutoka upande wa jikoni.

Kituo cha juu, Aprili ikiisha, kunakuwa kama mji uliokimbiwa. Taa zinazimwa, maduka yanafungwa, sisi wote tunafukuzwa na theluji inayoyeyuka. Mwenyeji hakuna. Kijijini patron wangu, yaani bosi, alizaliwa pale, baba yake alizikwa pale, watoto wake wanasoma pale. Kiangazi watu wanakuja na baiskeli za milima, mimi napata kazi tena miezi mitatu. Kwa mfanyakazi, kijiji kinakupa miezi saba, kituo cha juu kinakupa minne na nusu. Hiyo ni tofauti ya kodi ya nyumba.

Lakini sitaki mufikiri kijiji ni paradiso. Nyumba zimenunuliwa na watu wa mbali wanaokuja wiki tatu kwa mwaka. Madirisha yamefungwa mwaka mzima. Vijana wa kijiji wanashuka kuishi bondeni, wanapanda na gari kila asubuhi kwenda kutumika kwenye kijiji cha babu zao. Sisi wa msimu tunalala wanne kwa chumba. Ile nyumba yenu ya kukodi kwa wiki ingekuwa nyumba ya mwalimu au ya muuguzi.

Na habari ya maji: pale La Clusaz mwaka 2022 wakazi na wengine walipinga bwawa jipya lililokuwa lichimbwe msituni Beauregard, sehemu ya maji yake ikiwa ya kutengeneza theluji. Oktoba mwaka huo hakimu akasimamisha kazi. Kijiji cha zamani kinagawanyika kwa jambo kama hilo, kwa sababu kuna wakulima, kuna wenye hoteli, na wote wanakunywa kwenye chanzo kimoja. Nilikuwa natumika karibu na hapo. Ndugu wawili wa tumbo moja walikuwa hawaongei.

Mukija, salimieni wafanyakazi. Mwenye kuosha sahani yako pengine anaelewa Kiswahili.

Kibo_Savoie

Ndugu Bukavu, asante sana. Hilo la madirisha yaliyofungwa niliona na sikuelewa maana yake mpaka umesema. Mtaa tuliokaa, nyumba nne kati ya sita hazikuwa na taa usiku, wiki nzima ya msimu.

Kaka Nyeri, takwimu zako sizipingi na kwa binti yako uko sahihi kabisa, mtoto wa mashindano aende penye theluji ya uhakika. Tunapotofautiana ni nani anasafiri. Wewe unapanga safari kwa ajili ya mtu anayeteleza saa saba kwa siku. Mimi napanga kwa watu watano, ambao mmoja hatelezi kabisa, mwingine ana goti bovu, na wawili ni wanafunzi wanaoteleza kwa muda wa saa mbili tu asubuhi. Kwa hao, siku moja ya mvua kijijini inavumilika. Siku moja ya ukungu mita 2,300 ni kifungo. Na mwanangu mdogo kule juu usiku mbili za kwanza aliumwa kichwa kwa ule mwinuko, hakulala.

Ila nimebadilisha jambo moja kwa maneno yako: sitamwambia tena mtu yeyote aende kijiji cha chini wakati wa Krismasi. Na kama kijiji hakina njia ya kukufikisha juu kwa kebokaa, kama Morzine inavyokufikisha Avoriaz, sitamshauri mtu kabisa.

Nyeri_Juu

Hapo tumeelewana. Basi waambie pia kuhusu Februari.

Kibo_Savoie

Kweli, nilisahau. Likizo za Februari za shule za Ufaransa zimegawanywa kanda tatu, A, B na C, kila kanda wiki mbili, zinapishana. Jumla ni wiki nne hivi ambapo bei inapanda sana na njia zinajaa. Nyumba nyingi zinakodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo Jumamosi barabara ya kutoka Cluses, mji wa bondeni, kupitia Les Gets inasimama. Mwaka wangu wa kwanza, safari ya saa moja na robo ilituchukua saa nne, na mtoto anataka haja ndogo.

Anayekuja na gari: kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi sheria ya huku inataka matairi ya baridi, au minyororo ya magurudumu ndani ya buti la gari. Jifunzeni kuifunga nyumbani, mchana, pakavu. Usiku kwenye theluji vidole havikubali.

Kwa wanaotoka Uingereza kama dada Mwanakombo, wiki nzuri ni Januari baada ya tarehe 10 hivi, kama shule itawaruhusu. Baridi ni kali, jua linazama mapema, lakini theluji ya chini inakaa na foleni hakuna.

Mwanakombo_MSA

Nimerudi kuwapa jibu, maana nyote mmenisaidia.

Mkubwa wetu hajaanza shule ya lazima kwa sababu ya mambo yake ya kiafya, tunamsomesha nyumbani, na wadogo bado, kwa hiyo Januari tunaweza. Nimelipia Morzine, wiki inayoanza Jumamosi ya tatu. Nyumba ni ndogo, ghorofa ya chini, ina jiko, na niliwauliza kituo cha basi kiko wapi kabla ya kuuliza kitu kingine: mita 60, na hakuna kupanda. Nimewaandikia pia kama fedha inarudi njia zikifungwa. Wenye nyumba ya kwanza walikataa, nikaiacha; hii ya pili, niliyolipia, ikakubali kurudisha nusu.

Mama mkwe anakuja naye kutoka Lamu, yuko kwetu mpaka Machi. Hajawahi kuona theluji. Nimemtafutia viatu vyenye meno chini na soksi za sufu. Kaka Kibo, lile shamba la maziwa liko upande gani wa kijiji?

Kibo_Savoie

Nimekutumia ramani pembeni, dada. Nendeni saa kumi jioni, ndiyo saa ya kukamua. Na mwambie yule mzee kwamba mama wa majani anamsalimia.